Saa Sita Mwanza: Namna ya Kutumia Vizuri Muda wa Kusubiri Ndege ya Pili

Msafiri anayetoka Bukoba kwenda Dar es Salaam, au anayetoka Dar es Salaam kuelekea mikoa mingine ya Kanda ya Ziwa, mara nyingi hushuka katika Uwanja wa Ndege wa Mwanza saa tatu asubuhi ilhali ndege yake ya pili itaruka saa tisa au saa kumi alasiri. Wengi wetu huketi pale pale. Tunaweka mkoba miguuni, tunanunua maji, tunatazama simu mpaka chaji inakwisha, kisha tunaondoka Mwanza bila kuona chochote cha Mwanza isipokuwa ukumbi wa abiria. Mimi nilifanya hivyo safari tatu mfululizo. Safari ya nne, mzee mmoja dereva wa teksi aliyekuwa akingoja wateja nje ya mlango aliniuliza ninakwenda wapi, nikamjibu kwamba siendi popote, nasubiri ndege. Akaniambia, "Mwanangu, mgeni hafiki Mwanza akaondoka hajanawa mikono kwa ajili ya sato. Twende, nitakurudisha kwa wakati." Alinirudisha kwa wakati kweli, na niliyojifunza siku ile, pamoja na niliyoongeza katika safari zilizofuata, ndiyo ninayoyaeleza hapa kwa yeyote mwenye saa tano au zaidi za kungoja.

Jambo la kwanza la kushika, ambalo mengine yote yanalitegemea, ni hili: nenda kwanza mbali, kisha kila kituo kinachofuata kiwe kinakurudisha karibu na ndege yako. Sababu yake ni umbo la jiji lenyewe. Uwanja uko Ilemela, upande wa kaskazini, kilomita zipatazo 10 kutoka katikati ya mji, na safari ya kuingia mjini hufuata kwa sehemu kubwa barabara moja inayopita Pasiansi, ikafika Kirumba, ikaingia katikati ya jiji, na kutoka hapo mtu akiendelea kusini kando ya maji hufika Capri Point, ile rasi yenye kilima inayochomoza ndani ya Ziwa Victoria. Anayeanza kwa kukaa na kula Kirumba, kwa kuwa ndiko kunakoanza kunukia samaki, hujikuta saa nane mchana yuko mwisho kabisa wa mstari huo huku foleni yote ya mji ikiwa kati yake na ndege. Anayeanza Capri Point hana wasiwasi huo, kwa sababu kila anapoinuka mahali anakuwa amepunguza safari ya kurudi.

Hesabu saa kabla ya kutoka nje ya lango

Tiketi huandika saa kwa mtindo wa tarakimu 24, kwa hiyo 15:30 ni saa tisa na nusu alasiri, na nimewahi kumwona mtu mzima mwenye akili zake akiichanganya na saa tatu na nusu. Andika saa ya kuruka kwenye karatasi kwa namna unayoisema mdomoni, kisha toa saa mbili: hiyo ndiyo saa ya kuwa umerudi uwanjani. Wapo watakaosema kwamba saa moja inatosha kwa safari ya ndani ya nchi, lakini dirisha la kukabidhi mizigo hufungwa kabla ya ndege kuruka, na foleni ya ukaguzi haina habari na aliyechelewa kwa sababu ya samaki. Toa nusu saa nyingine ya kushuka na kuchukua mzigo, kisha toa saa moja na nusu kwa ajili ya barabara, kwenda na kurudi, maana safari ambayo asubuhi iliyotulia huchukua nusu saa inaweza kuwa ndefu kuliko hapo watu wanapotoka kazini. Kwa hesabu hiyo, aliye na saa sita kati ya ndege na ndege anabaki na saa mbili za kuwa mjini. Ni muda wa kutosha kwa mambo mawili yaliyofanywa kwa utulivu, na si zaidi ya hapo. Aliye na saa nane anaweza kuongeza safari fupi ya boti. Aliye na saa tano tu asivuke Kirumba, na aliye chini ya hapo abaki uwanjani asome.

Kuhusu mzigo, uliza dawati la shirika lako la ndege kabla hujatoka. Kama safari yako yote iko kwenye tiketi moja, begi huenda likahamishiwa ndege ya pili bila wewe kuligusa, lakini kama umekata tiketi mbili mbali mbali ni lazima ulichukue mwenyewe na kulikabidhi upya, na katika hali hiyo fanya mipango kana kwamba hakuna pa kuliacha. Njia rahisi kwa mwenye begi kubwa ni kukodi teksi moja kwa muda wote, begi likakaa kwenye buti, baada ya kupatana bei ya saa zote na si ya kituo kimoja kimoja. Mwenye mkoba wa mgongoni tu anaweza kupanda daladala hadi mjini na kutumia bajaji kwa safari fupi fupi. Bodaboda ni ya haraka kuliko vyote, ila mimi siipendekezi kwa mtu mwenye ndege ya kuwahi na barabara asiyoijua. Chochote utakachopanda, mwambie dereva saa yako ya kurudi mwanzoni kabisa, mwombe namba yake ya simu, na umpe yako.

Chukua kitambulisho chako, kofia, chupa ya maji na mfuko wa kitambaa. Mfuko huo una kazi, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na huko mbele utanunua kitu. Kofia nayo si pambo. Ziwa liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, upepo wake humfanya mgeni adhani hakuna jua kali, na baada ya saa moja juu ya mawe anagundua kwamba lilikuwepo muda wote.

Capri Point, Saanane na mawe

Kutoka uwanjani mwambie dereva anyooshe moja kwa moja hadi Capri Point bila kusimama. Njiani tazama vilima. Mwanza huitwa Jiji la Miamba, na anayeingia kwa mara ya kwanza huona kwa nini: mawe makubwa kama nyumba yamekaa juu ya mawe mengine, baadhi yakiwa yamegusana mahali padogo tu, na kati yake watu wamejenga nyumba zao hadi kileleni, zikapata ukuta mmoja wa bure kutoka kwa Mwenyezi Mungu. Hakuna aliyeyapanga. Ni miamba ya matale, yaani graniti, ya kale sana, ambayo zamani ilikuwa chini ya udongo ikiwa imepasuka kwa nyufa zilizokatana. Maji ya mvua yalipenya katika nyufa hizo, yakalainisha na kuozesha pembe za kila pande, na udongo ulipochukuliwa na mmomonyoko yakabaki mawe yenyewe, yamekwisha kuwa mviringo, kila moja limekaa pale lilipokuwa. Tangu nilipolijua hilo, mimi huyatazama kwa muda mrefu zaidi.

Pale Capri Point ndipo zilipo boti za kwenda Kisiwa cha Saanane. Kisiwa hiki kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, kikapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na ndiyo hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini, eneo lake likiwa kilomita za mraba 2 na kidogo, sehemu yake ikiwa maji. Jina limetokana na Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa akiishi huko kabla ya kisiwa kuchukuliwa na serikali. Safari ya boti ni ya dakika chache tu. Kiingilio hakilipwi kwa fedha taslimu mkononi, bali kwa kadi au kwa kumbukumbu namba inayolipiwa kwa simu, kwa hiyo hakikisha una salio kwenye simu au kadi kabla ya kufika dirishani, na uulize pale pale boti ya kurudi itaondoka saa ngapi. Usipopata jibu la uhakika, usipande. Kisiwa kinastahili saa mbili kamili, na mwenye saa sita za kungoja atalazimika kuchagua kati ya kisiwa na chakula. Ushauri wangu kwa mtu huyo ni achague chakula na kulitazama ziwa kutoka nchi kavu.

Anayepata nafasi ya kuvuka asiende akitarajia simba na tembo wa Serengeti. Kinachovutia ni vitu vidogo: pimbi wanaoota jua kwenye miamba kwa makundi, swala wanaotembea bila hofu, ndege wa majini, na mjusi mmoja wa mawe ambaye dume lake lina kichwa na mabega mekundu yanayong'aa na kiwiliwili cha buluu. Wataalamu humwita Agama mwanzae, yaani jina la Mwanza limo ndani ya jina lake, na utamwona akipiga push-apu juu ya jiwe kuwaonya madume wenzake. Nilikaa dakika kumi nikimtazama mmoja, na yeye akinitazama, hadi kivuli cha ndege kilipopita akatoweka katika ufa.

Ukirudi kutoka Capri Point kuelekea mjini, simama mahali panapoonekana Jiwe la Bismarck, karibu na kivuko cha Kamanga. Ni nguzo ya miamba iliyosimama majini, jiwe juu ya jiwe, ambayo picha yake huwakilisha Mwanza kila mahali. Wajerumani, walioweka kituo chao hapa mwaka 1892, waliliita kwa jina la Otto von Bismarck, aliyekuwa kansela wao, na jina likabaki baada ya wao kuondoka. Dakika kumi na tano zinatosha. Wenye muda zaidi hupenda kupanda kivuko kwenda ng'ambo ya Sengerema na kurudi ili waone jiwe na mji kutoka majini, nami nakubali kwamba ni mwonekano mzuri sana, lakini kivuko kina ratiba yake na hakitakungoja, basi hilo waachiwe wanaolala Mwanza. Usishuke kuosha miguu wala mikono kwenye maji ya pembeni, hata yakiwa safi kwa macho, kwa sababu kichocho kipo katika ziwa hili na huingia mwilini kupitia ngozi.

Hapo ulipo ni pa kutafakari jambo moja. Mwezi Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke aliliona ziwa hili akiwa upande huu wa Mwanza, akalipa jina la malkia wake, Victoria. Watu waliokuwa wakivua humo walikuwa wakiliita Nyanza, na wazee wengi bado hulisema hivyo. Ukizungumza na mzee, jaribu kusema "Ziwa Nyanza", uone uso wake.

Katikati ya mji ipite kwa haraka, isipokuwa kama unahitaji kununua viazi vilivyokaushwa, ambavyo nitavieleza baadaye. Makoroboi ni mtaa wa biashara uliopata jina lake kutokana na koroboi, zile taa za mafuta ya taa zinazotengenezwa kwa makopo, na una hekalu la Wahindu lililojengwa penye miamba. Pana msongamano, na katika msongamano simu hukaa mfuko wa mbele.

Chakula

Sasa tumefika panapostahili muda. Hapa ndipo wageni wengi hukosea, si kwa kuchagua vibaya bali kwa kutohesabu kwamba samaki mzima anahitaji muda. Sato wa kukaanga akiandaliwa kwa haki huchukua nusu saa, na wa kuchoma huzidi hapo. Kwa hiyo usiagize ukiwa umeshaketi na njaa. Agiza ukiwa bado Capri Point. Madereva karibu wote wana mama lishe wanayemwamini Kirumba au jirani na hapo, na wana namba yake. Mwombe dereva ampigie: "Mama, nina mgeni wako, tuwekee sato mmoja wa wastani na ugali, tunafika baada ya nusu saa." Simu hiyo moja ndiyo itakayokuachia muda wa kula bila kutazama saa kila mara.

Sato ndiye samaki wa kula hapa, na nasema hivyo nikijua kwamba sangara ndiye mwenye jina kubwa huko nje. Sangara si mwenyeji wa ziwa hili. Alipandikizwa kuanzia miaka ya 1950, akakua, akawala furu, samaki wadogo wenyeji wa ziwa, kwa wingi hadi aina nyingi zikapotea, na leo minofu yake husafirishwa nje ya nchi na bondo lake, ule mfuko wa hewa ulio ndani ya tumbo, huuzwa kwa bei inayozidi ya nyama yenyewe. Kinachobaki baada ya viwanda kutoa minofu ni kichwa na mifupa yenye nyama kidogo, watu wa hapa huita mapanki, na wengi wamelea watoto kwa mapanki. Kipande cha sangara cha kukaanga si kibaya hata kidogo. Lakini kina mafuta mengi, na mwenye safari ya ndege alasiri atakuwa na amani zaidi akila sato.

Mwombe mama akuonyeshe samaki kabla hajamtia kwenye mafuta. Hakuna atakayeona umemdharau, bali ataona unajua kula. Macho yawe maangavu na yamejaa, yasiwe yamezama wala kupata ukungu. Matamvua yawe mekundu. Bonyeza ubavu kwa kidole: nyama ya samaki wa leo hurudi mahali pake mara moja, na ya samaki wa juzi hubaki na shimo. Mama ninayekula kwake mimi huchanja kila ubavu mara tatu kwa kisu kilichokwisha kuwa chembamba kwa kunolewa, huingiza chumvi na kitunguu saumu kilichopondwa ndani ya kila chanjo kwa kidole gumba, humkamulia ndimu, humwacha kidogo, kisha humshika mkia na kumteremsha kichwa kwanza kwenye karai. Humshikilia hivyo hivyo, mkia ukiwa nje, akihesabu kimya kimya, kwa sababu kichwa ni kinene na kinahitaji moto zaidi kuliko mkia. Ndipo humwachia. Siku ya kwanza nilidhani ni madoido, hadi nilipokula sato wa mahali pengine, mkia umekauka kama kuni na shingo bado ina damu.

Analetwa kwenye sahani pana pamoja na ugali, kachumbari, nusu ya ndimu na pilipili iliyopondwa. Binti huja na jagi la maji ya uvuguvugu na beseni, anakumiminia mikononi, nawe unashukuru. Uliza kama kuna ugali wa udaga, ule wa muhogo uliovundikwa kabla ya kusagwa. Rangi yake si nyeupe, unanyumbuka mkononi, na una uchachu mdogo ambao hukutana vizuri na samaki kuliko ugali wa sembe. Asiyeuzoea achukue kidogo kwanza. Kula kwa mkono wa kulia, anzia mgongoni nyuma ya kichwa ambako nyama ni nene na miiba ni mikubwa inayoonekana, shuka polepole kuelekea tumboni ambako miiba ni laini na inahitaji uangalifu, na usisahau shavu. Katika kila upande wa kichwa kuna kipande cha nyama kisichozidi ukubwa wa kidole gumba, nacho ndicho kitamu kuliko vyote. Mwenyeji akikuona unakitafuta, atakuchukulia kuwa mtu wa nyumbani.

Salamu nazo zina nafasi yake. Wenyeji wa mkoa huu kwa wingi ni Wasukuma, na "mwangaluka" asubuhi au "mwadila" baada ya hapo, ikisemwa kwa unyenyekevu na mtu anayeonekana wazi kuwa si wa hapa, hufungua nyuso. Kwa mtu mzima, "shikamoo" haijawahi kumkosesha mtu chochote.

Mwaloni, kituo cha mwisho

Ukishanawa, nenda Mwaloni Kirumba. Mwalo ni mahali ambapo mitumbwi hutia nanga na kushusha samaki, na huu wa Kirumba umekuwa soko kubwa la dagaa na samaki waliokaushwa, lenye wanunuzi hadi kutoka nchi jirani. Nimeuweka mwisho kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba uko upande wa uwanja, na kutoka hapo safari iliyobaki ni fupi. Ya pili ni kwamba dagaa hawafai kuzunguka nawe mjini siku nzima ndani ya teksi yenye joto.

Utaona magunia yamepangwa kama ukuta, wabebaji wakipita mbio na kupaza sauti ili uwapishe, sangara waliotiwa chumvi na kukaushwa, ambao huitwa kayabo, wamelundikwa kama mbao, na korongo wakubwa wenye kifuko shingoni wakingoja kando kwa subira. Wapishe wabebaji, wako kazini, wewe uko matembezini. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na usielekeze kamera kwenye bandari wala kwa askari.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa zinazowavuta juu ya maji, na ndiyo maana mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika: mwanga wa mwezi hushinda wa taa, dagaa wakatawanyika. Msafiri anayefika siku za mwezi mkubwa au mara baada yake asishangae kukuta bei imepanda. Wanaofaa kununuliwa ni wale waliokaushwa juu ya vichanja au nyavu zilizoinuliwa, kwa kuwa waliotandazwa chini hubeba mchanga usiotoka hata wakioshwa mara tano. Namna ya kujua ni rahisi. Chukua wachache mkononi, wawe na rangi ya fedha inayong'aa na si ya manjano, wasivunjike vunjike, kisha tafuna mmoja mbele ya muuzaji: ukisikia mchanga chini ya jino, shukuru na uende meza ya pili. Hupimwa kwa kopo au sado, na muuzaji akikuona umemtafuna mmoja kwa utulivu namna hiyo, mazungumzo ya bei huanza mahali pa haki.

Kwa zawadi, hata hivyo, mimi hupenda zaidi michembe na matobolwa, ambavyo hupatikana katika masoko ya mjini. Vyote ni viazi vitamu vya Usukuma vilivyokaushwa juani ili vidumu hadi msimu wa njaa, tofauti ikiwa kwamba michembe hukatwa vibichi na kuanikwa, na matobolwa huchemshwa kwanza, yakakatwa, ndipo yakaanikwa. Michembe hupikwa, na ikipikwa kwa karanga ni chakula kamili. Matobolwa hutafunwa hivyo hivyo au hulowekwa, na kwa chai ya maziwa asubuhi hayana mpinzani. Ni mepesi, hayanuki, hayaozi, na mtoto wa Dar es Salaam ambaye hajawahi kuyaona atauliza maswali, jambo ambalo ni zuri.

Kwa wenye siku nzima

Mtu anayeshuka asubuhi na kuondoka usiku, au kesho yake, ana nafasi ya kwenda Bujora, karibu na Kisesa, kilomita zipatazo 20 mashariki mwa mji kwa barabara ya Musoma. Huko kuna Makumbusho ya Wasukuma, yaliyoasisiwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Yana nyumba ya msonge, vifaa vya uganga na uhunzi, na jengo lililojaa ngoma za watemi. Muhimu zaidi ni habari za vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana tangu enzi za mababu, Bagika na Bagalu, ambavyo kila mwaka wakati wa sikukuu ya Ekaristi, mara nyingi mwezi Juni, hukutana katika tamasha la Bulabo, kila upande ukijitahidi kuvuta watazamaji wengi kuliko mwenzake. Mwongozaji akikueleza, mpe muda amalize. Habari hizi hazikatwi katikati.

Njiani utapita Igoma, walikozikwa wengi waliofariki katika kuzama kwa meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, ikiwa safarini kuja Mwanza. Mamia ya watu walipotea siku hiyo, na hakuna familia nyingi za Kagera na Mwanza ambazo hazina jina la kulitaja. Anayetoka Bukoba kwa ndege leo, na kuona ziwa chini yake, ana sababu ya kusimama hapo dakika chache kwa ukimya.

Usiende Bujora ukiwa na saa sita. Nilijaribu mara moja, nikakuta barabara ya kurudi imefunga kutoka Igoma hadi mjini, na nilifika uwanjani dirisha la mizigo likiwa linafungwa, nikiwa sijala na sikumbuki nilichokiona makumbusho. Nenda siku ambayo saa ni zako.

Anayelala Mwanza arudi Capri Point jioni. Kwa kuwa mji uko magharibi mwa nchi na saa yetu ni moja kuanzia Mwanza hadi pwani, jua hapa hutua karibu saa moja usiku, likiwa limechelewa kuliko Dar es Salaam, na huzama ng'ambo ya ghuba wakati mitumbwi ya dagaa inaanza kutoka na taa zake bado hazijawashwa.

Ukifika uwanjani na dagaa wako, wawe wamefungwa ndani ya karatasi nzito, kisha ndani ya boksi lililozungushiwa utepe pande zote, na boksi hilo likabidhiwe kama mzigo wa chini badala ya kupanda nalo. Kama umenunua samaki wabichi wenye barafu, uliza masharti ya shirika lako tangu asubuhi uliposhuka, maana barafu inayoyeyuka humwagika kwenye mizigo ya wengine, na kila shirika lina namna yake. Andika jina lako na namba ya simu juu ya boksi kwa kalamu nene, kwa sababu kwenye ndege inayotoka Mwanza hutakuwa peke yako mwenye boksi la namna hiyo.